Gemu ambayo hakuna anayekua adui

Madogo wakigombania pedi ya Call of Duty kwenye kibanda cha pleisteshen hapa mtaani mimi huwa naikumbuka America's Army. Hii ilikua gemu ya jeshi la Marekani lenyewe, hela ya walipa kodi, wakaitoa tarehe 4 Julai 2002, siku yao ya uhuru, bure kabisa, yaani una kompyuta na bando unadanlodi unaanza kupiga. Mwaka 1999 walikua wamekosa vijana wa kutosha wa kujiunga, kanali mmoja anaitwa Casey Wardynski ndo akaja na hilo wazo.

Sasa sikia ujanja wao. Mnacheza timu mbili mtandaoni, kwenye skrini yako wewe na wenzako ni wanajeshi wa Marekani na wale kule ndo maadui, ila wale kule nao kwenye skrini zao wanajiona wao ndo Wamarekani na adui ni wewe! Ukimpiga mwenzako risasi unajikuta selo ya Fort Leavenworth, gereza la jeshi lao, ukitaka kua tabibu wa vitani unakaa darasani unafanya na mtihani. Damu kiduchu tu, maana watoto wa miaka 13 waruhusiwe. Kilema hakuna, msiba hakuna.

2006 msanii Joseph DeLappe akawa anaingia humo, anaweka bunduki chini, anaanza kuandika kwenye chati majina ya wanajeshi waliokufa Iraki, jina, umri, tarehe. Wanampiga risasi, anarudi, anaendelea kuandika. Wachezaji walikasirika kweli, eti anawaharibia gemu 😂

Mimi siamini gemu inamfanya mtu awe muuaji, hizo ni kelele za wazee. Ninachokiona ni kingine, hotuba ya mwanasiasa unaweza kuizomea ila kitu ulichokicheza usiku kucha kinakaa kichwani kama vile ulikuwepo. Cheki Modern Warfare ya 2019, nayo ni Call of Duty, mle ndani kuna Barabara ya Kifo, yaani barabara ambayo waliokua wanakimbia walipigwa mabomu, na waliopiga ni Warusi, wakati ile ya kweli, ya 1991, ya kutoka Kuwait kwenda Basra, walipiga Marekani na washirika wake. Dogo aliyezaliwa 2005 atajulia wapi?

America's Army seva zake walizima Mei 2022. Ila hawakuondoka bana, tangu 2018 jeshi lina timu yake ya gemu, wanajeshi kabisa, wanastrimu na kupiga stori na madogo laivu.