Nondo wa hariri wa visiwani: nilianza na kisiwa, bawa likafuata

Hawa nondo wakubwa wa jenasi ya Attacus ukiwatazama haraka wote ni wale wale, mabawa ya rangi ya udongo mwekundu yanayoweza kufika sentimita 25 na vile vidirisha vinavyopitisha mwanga katikati, ndo maana wengi wakiwaona wanaandika tu atlas, yaani Attacus atlas, spishi moja tu ya jenasi hiyo, wanaendelea na mambo mengine. Mimi najitolea kwenye makusanyo ya wadudu hapa Uholanzi, na masanduku yaliyoletwa enzi Waholanzi wanatawala Indonesia yalikuwa na hao "atlas" kibao, nikasema hapana, hawa lazima kila mmoja apate jina lake.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuanza na kisiwa. Java, Sumatra na Borneo ukimkuta atlas mwenyewe hakuna cha kushangaza, ila ukivuka kwenda Sulawesi kuna erebus, Ambon na Seram kuna crameri, Flores inopinatus, Timor dohertyi, alafu ukipanda Ufilipino kuna lorquinii na caesar. Bahari imewatenga muda mrefu sana kila mmoja akaenda njia yake. Richard Peigler, mtaalamu wa nondo wa hariri, aliipitia jenasi yote mwaka 1989 na bila ile kazi yake sidhani kama ningethubutu hata kufungua sanduku la pili.

Sasa lebo zenyewe, vile vikaratasi kwenye pini vinavyosema mdudu alitoka wapi, ni za wino uliofifia na majina ya zamani, Celebes ndo Sulawesi, Buitenzorg ndo Bogor, Batavia ndo Jakarta, kwahiyo nikaandaa jedwali langu nikalibandika mezani. Na lebo peke yake haitoshi kabisa, maana wadudu wengi walipitia kwa wafanyabiashara na mji ulioandikwa pale unaweza kuwa ni bandari tu walikopakiwa melini.

Ukubwa usikudanganye. Nondo akishatoka kwenye kifuko chake hali tena, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea akiwa kiwavi, so kiwavi akikosa majani ya kutosha anatoka nondo mdogo wa spishi ile ile. Rangi nayo usiiamini sana, madume ya Actias isis, nondo wa hariri wa jenasi nyingine huko Sulawesi, wapo wa njano na wapo wa kahawia iliyoiva, na wote ni spishi moja.

Kwa wale waliobaki na utata nilipasua. Unakata ncha ya tumbo la dume kwa kimkasi kidogo, unaichovya kwenye haidroksidi ya potasiamu (kemikali kali inayoyeyusha nyama) ya asilimia 10 iliyopashwa moto, mafuta na nyama vinalainika, kisha unasafisha taratibu kwa brashi ndani ya maji mpaka unabaki na vile vishikio vigumu ambavyo dume anamshikia jike. Chini ya hadubini umbo lake linaongea waziwazi kuliko bawa lolote lile. DNA ya mguu mmoja pia inasaidia, ila kwa mdudu aliyekaa kwenye pini miaka mia mara nyingi imeshakatikakatika.

Vile vishikio havitupwi, vinaingia kwenye kichupa chenye gliserini kinachochomekwa kwenye pini ile ile ya nondo mwenyewe. Chini yake naongeza lebo mpya yenye jina la spishi, jina langu na mwaka, na ile lebo ya zamani naiacha hapo hapo hata kama imeandikwa atlas, maana atakayekuja baada yangu ana haki ya kuona kila mtu alisema nini.