Wastani wa 82 shule binafsi, wastani wa 58 shule ya serikali: tunalinganisha nini?

Ripoti ya muhula ikisema mtoto wa Darasa la Sita ana wastani wa 82 kwenye shule binafsi, na ya jirani yake wa shule ya serikali ikisema 58, watu wengi hawasubiri maelezo zaidi. Lakini namba hizo mbili hazikutoka kwenye mzani mmoja. Kabla ya kuzilinganisha, uliza nani alitunga mtihani, nani alisahihisha, na nani hakuwemo kwenye chumba cha mtihani. Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo lisiloulizwa.

Tuanze na madaraja, maana hapo ndipo wazazi wanapochanganyikiwa mapema. Kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hutoa alama 50 kwa kila somo. A ni 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, na chini ya hapo ni E. Masomo ni sita tangu 2021, kwa hiyo jumla ni 300: A inaanzia 241, B 181, C 121. Kwa asilimia, A ya shule ya msingi iko juu ya 80. Sasa, zipo shule binafsi zinazotumia kwenye ripoti zao madaraja ya sekondari, ambako A inaanzia 75. Mtoto mwenye 76 anakwenda nyumbani na A, wakati kwa kipimo cha Baraza hiyo ni 38 kati ya 50, yaani B. Hakuna aliyedanganya. Ila ukitaka kulinganisha, achana na herufi, chukua alama ghafi na uzigawe kwa mbili.

Na neno "kufaulu" nalo lina upana wake. Mwaka 2023 waliofaulu nchini walikuwa asilimia 80.58, maana yake walipata A, B au C. Aliyepata 121 na aliyepata 290 wote wamo humo. Shule ikibandika bango la "tumefaulisha asilimia 100", inachosema ni kwamba hakuna aliyeshuka chini ya 121 kati ya 300. Si jambo dogo, lakini si hilo mzazi analolielewa akisoma bango.

Utungaji sasa. Shule ya serikali hupata mitihani yake kwa ngazi: mazoezi na majaribio ya mwalimu wa somo, mtihani wa ujirani mwema ambao shule za kata huungana kutunga na kubadilishana, kisha moko, yaani mtihani wa majaribio, ya wilaya na ya mkoa kwa Darasa la Saba. Kadiri mtihani unavyotungwa mbali na mwalimu wa darasa, ndivyo alama zinavyoweza kuaminika zaidi, kwa sababu mwalimu hajui kitakachoulizwa. Shule binafsi nyingi hupima mara nyingi zaidi, kila wiki au kila mwezi, lakini mtihani huo hutungwa na yuleyule aliyefundisha, juu ya kilekile alichofundisha wiki hiyo. Wastani wa 82 wa mtihani wa namna hiyo unaonyesha mtoto amekumbuka mada ya wiki. Hauonyeshi kama bado anaikumbuka mada ya Darasa la Tano. Nyingine hununua mitihani iliyotungwa tayari, na hapo kuna tatizo jingine: maswali yanarudiarudia mitihani ya Baraza ya miaka iliyopita hadi watoto wanajua jibu ni C kabla ya kumaliza kusoma swali.

Upande wa serikali kinachobana ni karatasi. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni. 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu: mtihani wa masomo sita, kurasa nne kila somo, ni kurasa 24. Tukikadiria shilingi 50 kwa ukurasa, mtihani mmoja ni shilingi 1,200 kwa mtoto. Mitihani mitano tu inamaliza ruzuku ya mwaka mzima, bila chaki, bila ukarabati wa dawati hata moja. Ndiyo maana majaribio mengi huandikwa ubaoni. Mtoto aliyekaa nyuma hunakili swali vibaya, michoro ya jometri na ramani huachwa, na nusu ya muda huishia kwenye kunakili. Alama 58 iliyopatikana hivyo imebeba pia uzito wa ubao.

Usahihishaji nao ni hesabu hiyohiyo. Darasa la watoto 120 kwa masomo sita ni karatasi 720. Dakika tatu kila moja, saa 36. Darasa la watoto 30 ni karatasi 180, saa tisa. Mwalimu wa watoto 120 atafanya nini? Atatunga maswali ya kuchagua tu, au atawaambia watoto wabadilishane madaftari wasahihishiane. Kinachopotea ni insha, ufahamu wa majibu ya kuandika, na njia ya kukokotoa hesabu, yaani yale ambayo yangemwonyesha mwalimu mtoto amekwama wapi. Kwa upande wangu, hii ndiyo tofauti kubwa zaidi kati ya mifumo hii miwili. Mtoto wa binafsi hurudishiwa daftari lenye masahihisho, na wa serikali mara nyingi hurudishiwa namba tu.

Fomu ya majibu ya kusomwa na mashine, ambayo Baraza linaitumia tangu 2012, ina hasara zake kwa asiyeizoea. Karatasi ya Darasa la Saba ina maswali 45: 40 ya kuchagua, alama moja moja, na matano ya kuandika jibu, alama mbili mbili. Yale 40 husilibwa, yaani herufi ya jibu huwekwa kivuli, kwa penseli ya HB. Makosa ni yaleyale kila mwaka: kuruka swali moja na kusiliba safu nzima nafasi moja mbele, kufuta kwa mate badala ya ufutio, kuacha kivuli hafifu kwenye jibu la kwanza hadi mashine ione majibu mawili. Mtoto wa binafsi huwa amejaza fomu za mazoezi tangu mwanzo wa mwaka. Wa serikali huenda akaikuta kwa mara ya kwanza kwenye moko. Dawa yake ni rahisi: shule idurufu fomu za mazoezi za ukurasa mmoja, watoto wazijaze mara moja kwa wiki kuanzia Januari, hata kama maswali yenyewe yako ubaoni.

Lugha nitaigusa kwa kifupi. Maswali ni yaleyale, yametafsiriwa kwa shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Na lugha si umiliki. Olympio na Diamond za Dar es Salaam ni za serikali na zinafundisha kwa Kiingereza. Ukilinganisha shule ya Kiswahili na ya Kiingereza, tazama Hisabati kwanza, ambako lugha ina mkono mdogo, kisha masomo mengine.

Turudi kwa wale ambao hawakuwemo chumbani. Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, lakini matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti yake. Fungua Darasa la Saba la 2024, kisha Upimaji (mtihani wa kitaifa) wa Darasa la Nne wa 2021 wa shule hiyohiyo. Ni kundi lilelile miaka mitatu nyuma. Tuchukue mfano wa kubuni. Shule binafsi: waliofanya Darasa la Nne 46, waliofanya Darasa la Saba 32, wastani 238. Shule ya serikali: Darasa la Nne 139, Darasa la Saba 148, wastani 151. Watoto 14 wa shule ya kwanza wako wapi? Wengine wamehama na wazazi, wengine ada imeshinda. Lakini wapo pia waliorudishwa darasa kwa kutofikia wastani wa shule, jambo ambalo serikali imelikemea mara nyingi, na waliopewa uhamisho wa "kwa faida ya mtoto". Huenda baadhi ndio hao tisa walioongezeka kule kwingine. Pengo la watoto watatu au wanne kati ya 46 ni la kawaida. Likifika robo, wastani wa 238 ni wa waliobaki, usimpimie mwanao.

Baada ya hapo, angalia mgawanyo wa madaraja kwa kila somo badala ya wastani. Shule ya serikali yenye A 25 za Hisabati kati ya watoto 148 ina mwalimu wa Hisabati wa kumfuata, hata kama wastani wake ni wa kawaida.

Hesabu hiyo ya kurudi nyuma miaka mitatu itabadilika. Mtaala mpya ulioanza 2024 kwa Darasa la Kwanza na la Tatu unafanya elimu ya msingi iwe miaka sita, kwa hiyo 2027 Darasa la Saba la mwisho na Darasa la Sita la kwanza watamaliza mwaka mmoja. Kwa Darasa la Saba la 2027, rudi kwenye Upimaji wa 2024. Kwa Darasa la Sita, rudi 2025, na usichanganye majedwali, maana masomo yao si yaleyale.