Juma Kagusa Wapi?

Usiku huu nawaza maswali ya wasemaji wawili kwenye LSAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya sheria Marekani na Kanada. Tangu Agosti 2024, michezo ya mantiki (mafumbo ya kupanga vitu kwa masharti) ilipoondolewa, sehemu 2 kati ya 3 zinazohesabiwa alama ni za kupima hoja. Kila moja ina dakika 35 na maswali kama 25, kwa hiyo swali moja halipati hata dakika moja na nusu.

Swali ninaloliwaza linataka ueleze msemaji wa pili anamjibuje wa kwanza. Haliulizi nani ana haki, na hapo ndipo wengi wanapopotea: wanaanza kuamua ugomvi.

Chukua mfano huu. Asha anasema: "Tangu matuta yawekwe barabarani, ajali zimepungua. Basi matuta ndiyo yaliyozipunguza." Juma anajibu: "Wiki ileile barabara ya mchepuko ilifunguliwa, na magari mengi sasa yanapita huko."

Kabla ya kutazama machaguo matano, tafuta hitimisho la Asha, kisha ujiulize Juma kagusa wapi. Ushahidi hakuugusa, hakukana kwamba ajali zimepungua. Wala hakusema matuta hayasaidii. Alichogusa ni kile kiungo cha "basi": ameleta sababu nyingine inayoweza kuzaa matokeo yaleyale. Liseme hilo kwa maneno yako, sentensi moja, ndipo usome machaguo.

Chaguo la mtego litasema "anathibitisha kuwa hitimisho si kweli". Kudhoofisha hoja si kuthibitisha kinyume chake. Huenda matuta yamesaidia pia. Jingine litaanza vizuri, "anataja sababu nyingine", halafu limalizie "na kutilia shaka takwimu". Nusu ya pili ikiwa uongo, chaguo zima limekufa. Kila kitenzi cha chaguo kiwe na maneno ya Juma unayoweza kuyawekea kidole. Usipoyaona, likate.

Kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni pale jibu linapokosa shabaha. Juma angesema, "Lakini matuta yanaharibu magari," angekuwa anabishia kufaa kwa matuta, ilhali Asha alizungumzia kilichopunguza ajali. Hapo usimtafutie Juma hoja ambayo hakuitoa. Chagua linalosema amejibu dai ambalo Asha hakulitoa.