Mguu wa Bibi Harusi

Kijana tuliyemwajiri juzi kaniuliza kwa nini siwezi kuchora lebo ya achari mpaka niletewe kichupa chenyewe nikigeuzegeuze mkononi. "Dada, vipimo si wameshatutumia?" Nikamwambia chupa ina bega. Akacheka. Ila usiku nilijikuta nawaza mguu.

Enzi hizo nilikuwa nikishinda kwa mama mkubwa, Kibokoni. Yeye akichora hina, mimi nakoroga: unga, maji ya ndimu, sukari kidogo, nafunika mpaka asubuhi. Baadaye akaniachia viganja, maana kiganja hushika rangi hata ukichora ovyo. Mgongo wa mguu ulibaki wake. Pale rangi hutoka hafifu, na mstari uliolegea haujifichi.

Sasa bibi harusi mmoja alikuwa na kovu la mafuta ya moto, kutoka kifundoni hadi karibu na kidole kidogo. Linateleza, linang'aa. Mama yake akataka lizibwe lote kwa piko, liwe jeusi tii. Mama mkubwa akakataa palepale: ile ni dawa ya kutia nywele rangi, huchoma hata ngozi nzima, sembuse hiyo.

Akaweka koni ya hina chini. Akapitisha kidole gumba juu ya kovu, taratibu, kwenda na kurudi. Kisha: "Simama, mwanangu."

Sisi tulizoea kuchora mguu ukiwa umenyooshwa juu ya mto. Bibi harusi akasimama, kanishika bega, na mguu ukabadilika tukiuona: vidole vikatanuka, unyayo ukalala sakafuni, kovu likajivuta likapinda kwa nje.

"Huu ndio atakaotembea nao," mama mkubwa akasema, akachuchumaa akaanza hapohapo. Kovu hakuligusa. Alilifuata ukingoni kwa mstari mwembamba, huku na huku, halafu akachomoza majani na maua kutoka kwenye mistari ile, hata kovu likawa shina.

"Linaonekana," bibi harusi akasema.

"Linaonekana," mama mkubwa akaitikia, akaendelea.

Mama mtu kimya.

Tangu hapo siiamini kazi niliyoiona imelala tu. Rangi nayo siiamini: hina ukiibandua ni rangi ya machungwa, wekundu wenyewe huja kesho au keshokutwa, basi hata skrini ikinionyesha nyekundu ya kupendeza, nasubiri chapa ya kwanza itoke. Wenzangu wanasema nawachelewesha. Pengine ni kweli. Kuna lebo ambazo mstatili mtupu ungetosha, nami nimezunguka nazo wiki nzima nikitafuta kovu.

Siku ya harusi nilimwona akipanda ngazi, gauni kaliinua juu kuliko ilivyohitajika. Au ni mimi niliyetaka kuona hivyo. Mama yake alilipa nusu, akasema nusu nyingine baada ya fungate. Kila harusi ilipopita mtaani, mama mkubwa alilitaja deni lile kwa sauti, dirisha likiwa wazi.