Wakubwa waliondoka, askofu akabaki

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Wiki hii nimekaa na Yohana 10, pale kwa mtu wa mshahara ambaye akimwona mbwa mwitu anakuja anawaacha kondoo anatoka nduki. Sisi tunaisikia Jumapili ya Mchungaji Mwema, tunaombea miito, tunaenda zetu kula wali. Ila isome ukiwa unaifikiria Bukavu, ule mji wa mashariki mwa Kongo, uone ilivyo nzito.

Oktoba 1996 vita inaingia Bukavu, wakubwa wa serikali na wa jeshi la Mobutu, rais wa Zaire (ndiyo Kongo ya leo), wanaondoka, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, anabaki na watu wake. Na huyu mzee alikuwa ameshawaudhi wote. Wanajeshi wa Zaire aliwasema hadharani kwa uporaji na unyanyasaji, halafu kuhusu wale wakimbizi wa Rwanda waliojaa kambini baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 alikataa katakata kila mmoja ahesabiwe muuaji, maana kuna watoto mle, kuna vikongwe. Maneno kama hayo wakati wa vita hayana rafiki upande wowote. Tarehe 29 jioni gari lake likasimamishwa pale Nyawera, akashuka na msalaba wake mkononi, waliomsimamisha wakampiga risasi. Mwili ulilala barabarani mpaka kesho yake ndo vijana waseminari wa shirika la Kiksaveri wakaweza kwenda kuuchukua. Aliyemfuata, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliandika barua ya Noeli 1999 akakemea uvamizi na uporaji, Februari 2000 waasi wakamzuia kurudi jimboni, akakaa uhamishoni Butembo miezi kama saba hivi.

Sasa kuna ndugu zetu huwa wanasema Kanisa si linaruhusu vita ya haki? Jamani, fungueni Katekisimu namba 2309. Ni masharti manne na yanatakiwa yote kwa pamoja: madhara ya mvamizi yawe makubwa, ya kudumu na ya hakika, njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, kuwe na matumaini ya kweli ya kufanikiwa, na silaha zisilete mabaya kuliko yale yanayoondolewa. Hilo la mwisho kwa silaha za siku hizi sijui nani analivuka. Papa Fransisko kwenye barua yake Fratelli tutti ya 2020 alisema wazi ni vigumu sana leo kutumia vigezo vile vya zamani kuzungumzia vita ya haki. Tena hata vita ikishaanza sheria ya maadili haiendi likizo, namba 2313 inataka raia, majeruhi na wafungwa watendewe kwa utu, na askari hawezi kujitetea eti niliamriwa.

Kwahiyo kiongozi wa dini kazi yake nini? Mimi naona kusema amani, amani kwa jumla jumla hakumgharimu mtu kitu, Yeremia 6:14 aliwashtukia zamani wanaohubiri hivyo. Kazi ni kutaja kinachotendeka, kinatendwa kwa nani, na kuongea na wote hata wale ambao waumini wako hawataki uonekane nao. Februari 2025 maaskofu Wakatoliki wa Kongo (CENCO) pamoja na Waprotestanti wa umoja wao wa ECC walikwenda mji wa Goma, ukiwa tayari mikononi mwa waasi wa M23, wakakutana na Nangaa, kiongozi wa kisiasa wa waasi hao, uso kwa uso. Walisemwa sana Kinshasa, kwamba wanawapa waasi heshima. Naelewa hasira hiyo, aliyezika mtu wake hutamwambia kirahisi hivyo tukae mezani. Lakini siku chache tu baadaye Bukavu nayo ikachukuliwa, na mimi bado nasema walifanya sawa kwenda.

Kwenye jumuiya wiki hii tusome Ezekieli 33:1-9, ile ya mlinzi na tarumbeta. Na mwenye ndugu Bukavu, Goma au Uvira alete majina yao, tutayasoma yote kabla ya rozari hata tukichelewa kutoka.