Kumbukumbu ya mradi: kiunganishi cha kugawanya uzito kwenye tela la jiko, Tanga

Tela la jiko la shughuli limekwisha kupakwa rangi, na kazi iliyobaki ni kulivuta bila gari kuinua pua, kwa kutumia kiunganishi cha kugawanya uzito, yaani kifaa cha kufungia tela chenye fimbo za chuma zinazosambaza mzigo kwenye ekseli za gari na za tela. Likipakiwa majiko, masufuria, jenereta na mitungi ya gesi lina uzito wa kilo 1,400. Gari ni Prado, ambayo umbali kati ya ekseli zake mbili ni milimita 2,790.

Kabla ya kununua chochote tulipima uzito unaokaa kwenye tufe la kuunganishia, yaani tufe la chuma nyuma ya gari ambalo shingo ya tela hukaa juu yake. Mizani ya kupimia watu haibebi mzigo huo peke yake, kwa hiyo tulilaza ubao mgumu, upande mmoja juu ya tofali na upande wa pili juu ya mizani, sentimita 90 kati yake, kisha tukateremsha shingo ya tela sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Kwa mpango huo mizani husoma theluthi tu ya mzigo. Baada ya kutoa uzito wa ubao ilisoma 57, maana yake tufe linabeba kilo 171, yaani asilimia 12 ya tela, nayo iko ndani ya kiwango cha asilimia 10 hadi 15 kinachotakiwa ili tela lisiyumbe. Tanki la maji la lita 200 tuliliweka juu ya ekseli kwa makusudi, ili hesabu hii isibadilike sana tanki likijaa au likiwa tupu.

Kilo 171 zinaonekana chache, lakini tufe liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo mzigo unafanya kazi ya wenzo: ekseli ya nyuma inaongezewa karibu kilo 245, na ya mbele inapoteza karibu kilo 74. Magurudumu yanayopoteza uzito ndiyo yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Fundi wangu wa Ngamiani alishauri, "Kaka, tia springi nzito nyuma, yaishe." Springi nzito zingeinua bampa la nyuma, lakini zisingerudisha uzito mbele. Fimbo za kiunganishi cha kugawanya uzito zikikazwa hupindisha kichwa chake, yaani sehemu inayoshika tufe na fimbo, na kusukuma sehemu ya mzigo kwenye ekseli ya mbele ya gari na kwenye ekseli za tela.

Katika kuchagua, breki ndizo zilizoamua. Tela langu hufunga breki kwa kujisukuma mbele dhidi ya gari, na viunganishi vingi vyenye vibao vya msuguano vya kuzuia kuyumba huzuia mwendo huo. Nilichukua cha minyororo, yaani ambacho fimbo zake hukazwa kwa minyororo iliyofungwa kwenye shingo ya tela, na ambacho mtengenezaji wake anaruhusu breki za namna hii, chenye fimbo zinazomudu mzigo wa ratili 600 kwenye tufe, sawa na kilo 272. Fimbo ngumu kupita kiasi zingeitesa chesisi kwenye kila tuta la Muheza. Chuma cha kuvutia kilichochomelewa chini ya bampa nilikiondoa, kwa kuwa kiunganishi hiki hukipinda kwa nguvu kipokezi, yaani tundu la chuma hicho ambamo kiunganishi huingia; chuma kipya kimefungwa kwa bolti kwenye mihimili yote miwili ya chesisi. Hata hivyo, uwezo wa gari kuvuta haujaongezeka hata kilo moja.

Kupanga kulifanyika kwenye sakafu ya saruji, kwa futi kamba na pima maji. Ukingo wa juu ya gurudumu la mbele ulikuwa milimita 880 kutoka sakafuni gari likiwa peke yake, na 902 tela lilipounganishwa bila fimbo. Watengenezaji wengine wa magari hutaka angalau nusu ya ongezeko hilo irudi, wengine hutaka lirudi lote, lakini ukingo usishuke chini ya kipimo cha mwanzo. Tulianza na kichwa kikiwa wima, ukabaki 896. Tuliongeza washa (vipete vya chuma) ili kichwa kilale zaidi nyuma, tukafupisha mnyororo pingili moja, ukafika 886. Hapo tuliacha, kwa sababu shingo ya tela ilikuwa sawa kwenye pima maji na fimbo zilikuwa sambamba nayo.

Minyororo hukazwa baada ya kuinua shingo kwa jeki pamoja na sehemu ya nyuma ya gari, la sivyo mpini wa kukazia unaweza kuruka na kuvunja mkono. Anayekaza husimama pembeni daima. Kwenye mteremko wa kuingia kivuko cha Pangani fimbo zitafunguliwa kwanza, kwa kuwa gari na tela vikikunjana hapo zinaweza kupinda au kung'oa mabano yanayoshika minyororo. Barabarani kuelekea Segera usukani umekuwa mzito kama wa gari lisilo na tela. Baada ya safari hiyo bolti za kichwa zilikazwa tena, moja ikakubali robo mzunguko. Kinachofuata ni rangi ya kuzuia kutu kwenye mabano, kwa kuwa upepo wa bahari wa Raskazone umeshaanza kuyala.