Siku moja maishani mwangu: klorini ya pipani, klorini ya kisimani

Saa 11 alfajiri. Chai ya rangi, vipande viwili vya mhogo wa jana, chumvi kidogo juu yake. Hapo tayari nimekula klorini: katika kila gramu 100 za chumvi ya mezani, gramu 60 na ushei ni hiyo. Nimelisema hili kazini mpaka wenzangu wamenichoka.

Saa 12 na robo. Naingia zamu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara kwenye mtambo wa maji, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Tanzania. Kazi ya kwanza ni kukoroga dawa. Pipa la HTH, dawa ya klorini ya kutibu maji, lina chembechembe nyeupe, mgeni angedhani ni chumvi ya mawe iliyopondwa. Buti, glovu, miwani, barakoa. Maji hutangulia, dawa hufuata. Anayemwagia maji juu ya dawa anatafuta balaa.

Wiki hii nina kijana wa fildi kutoka chuoni. “Dada, hii inachimbwa wapi?”

Swali zuri kuliko alivyodhani. Klorini peke yake huwezi kuikuta imekaa mahali inakungoja, kwa sababu haikawii kushikamana na kitu kingine. Utaikuta imeshafunga ndoa, inaitwa kloridi: baharini, kwenye miamba ya chumvi, kwenye chemchemi za Uvinza kule Kigoma, kwenye jasho na machozi. Hata kwenye asidi ya tumboni imo. Gesi yenyewe mwanakemia Scheele aliipata Uswidi mwaka 1774, na mwaka 1810 mwenzake Mwingereza, Davy, akatangaza kuwa ni elementi, akaipa jina la Kigiriki kwa ajili ya rangi yake ya kijani iliyofifia. Viwandani hupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, inatoka.

“Kumbe tunarudi kwenye chumvi?”

Ndiyo, tunarudi kwenye chumvi.

Saa 3. Simu ya mteja: maji yananuka hospitali. Namwambia ajaze ndoo aiache wazi usiku, harufu itapungua. Hakuridhika, nami simlaumu.

Saa 4 na nusu. Bodaboda hadi bomba la mwisho wa laini, kwa mama ntilie. Maji mililita 10, kidonge kimoja cha kupimia, ponda, tikisa. Yakiwa na klorini hugeuka waridi. Kadiri waridi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Mtamboni asubuhi yalikolea vizuri. Hapa yamekuwa waridi hafifu tu: miligramu 0.2 kwa lita. Ndiyo kiwango cha chini tunachokubali bombani, kwa hiyo nimeandika, na jioni dawa itaongezwa kidogo.

Saa 6. Kwa mzee mmoja mwenye kisima karibu na mashamba ya chumvi. Pale maji ya bamvua huingizwa kwenye majaruba, jua linayakausha, chumvi inabaki ikikwanguliwa kwa reki. Shikamoo, marahaba, tukapewa madafu. Analalamika kisima chake, kilichokuwa na maji matamu miaka yote, sasa kinaharibu chai. Nikachota chupa moja.

Saa 8, maabara. Hiki ndicho kipande cha siku ninachokipenda. Maji ya mzee kwenye chupa ya kioo, matone ya potasiamu kromati, yakawa ya manjano. Kisha silva naitreti, dawa yenye madini ya fedha, kutoka kwenye bureti, mrija wa kioo wenye koki, tone baada ya tone. Mara yakachafuka yakawa mazito, kama tui lililotiwa bizari: hiyo ni kloridi inakamatwa na fedha. Kila tone linaacha wekundu unaofutika ukitikisa. Tikisa, unafutika. Tikisa, unafutika. Kijana alitaka kufungua zaidi, nikamshika mkono. Tone moja mbele, wekundu ukagoma kuondoka. Hapo unafunga: kloridi imeisha, na silva iliyotumika ndiyo inayotoa hesabu.

Miligramu 620 za kloridi kwa lita. Ulimi huanza kulalamika kwenye 250 hivi. Bahari ina kama 19,000. Ikiwa chumvi yote hiyo imetoka baharini, basi katika kila lita 100 za kisima, lita 3 na kidogo ni bahari.

Saa 9 nikampigia mzee. “Binti yangu, nikiyatia ile dawa yenu yatarudi kuwa matamu?” Hapana, babu. Dawa inaua vijidudu, chumvi haiigusi. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi, mvuke unaondoka na chumvi inabaki. Nikamwomba apumzishe pampu, maana akivuta sana ndipo bahari inapojongea, na ya kunywa achote bombani. Akanyamaza, kisha: “Bombani kunanuka.” Ningesema nini?

Saa 12 jioni, nyumbani. Jirani anakohoa uani, macho mekundu. Alichanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi ili choo “kitakate zaidi”. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenyewe, nzito mara mbili na nusu kuliko hewa, inatuama chini alikoinamia. Tukamtoa nje, tukafungua milango, tukakaa naye mpaka kifua kikatulia. Nilimfokea, nakiri. Ni mkubwa kwangu, nitamwomba radhi.

Saa 3 usiku. Vidole vyangu vimeota madoa meusi ya silva naitreti, sabuni haisaidii. Ujumbe wa kijana: “Dada, nimesoma hata bomba la PVC, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Kweli?”

Kweli. Lala, kesho tunakoroga saa 12 na robo.